Benki imehama, jengo limebaki: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kwamba napenda majengo ya benki za zamani kuliko benki zenyewe, maswali hayajakatika. Nianze na lile lililoulizwa na wengi.

Ndugu mwandishi, mbona benki za zamani zinafanana na mahekalu?

Kwa sababu mteja alikuwa na hofu, tena ya haki. Kabla ya bima ya amana, yaani bima inayomrudishia mteja akiba yake benki ikianguka, benki ikifilisika akiba yako ilizama nayo. Mawe na nguzo vilikuwa vya kumtuliza: mwenye nyumba kama hii hatatoroka usiku. Chukua jengo la Benki ya Pili ya Marekani, Philadelphia. Msanifu wake, William Strickland, aliiga Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki lililoko Athens. Ujenzi ulianza 1819 ukakamilika 1824. Mbele kuna nguzo nane za Kidoriki, mtindo wa Kigiriki usio na mapambo mengi, na nyuma nane nyingine, lakini ubavuni hakuna hata moja. Parthenon imezungukwa na nguzo pande zote. Hapa za ubavuni ziliachwa kwa sababu makarani wa benki walihitaji mwanga wa madirisha ili waone wanachoandika. Na ukiingia ndani, unakuta ukumbi wenye dari la upinde, mtindo wa Warumi zaidi kuliko wa Wagiriki. Yaani ni hekalu kwa sura tu, na mimi naona hapo ndipo msanifu alipoonyesha akili.

Je, benki hiyo ilitoroka?

Haikutoroka, ilinyimwa kibali. Ilikuwa imepewa miaka 20 mwaka 1816. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alikataa sheria ya kuurefusha muda huo, na 1836 kibali kikaisha. Hesabu mwenyewe: jengo lililosanifiwa kutangaza umilele lilitumika na benki hiyo ya kitaifa miaka 12. Kuanzia 1845 likawa ofisi ya forodha, likakaa hivyo hadi karne ya 20. Leo ni nyumba ya sanaa yenye picha za watu wa enzi ya mapinduzi ya Marekani, nyingi zikiwa za mchoraji Charles Willson Peale.

Chumba cha kuhifadhia fedha hufanywa nini benki ikiondoka?

Mara nyingi huachwa hapo hapo. Kuta zake ni zege nene lililosukwa kwa vyuma, mlango wake una uzito wa tani kadhaa, na gharama ya kuvunja humkatisha tamaa mnunuzi. Ndiyo maana wengine hukigeuza stoo ya mvinyo au chumba cha mikutano. Tahadhari: kilijengwa ili mtu asitoke na kitu, kwa hiyo hewa ni haba na njia ni moja. Kabla hujaweka viti humo, ng'oa komeo au ulifunge lisiweze kujibana, kisha uwaulize wa zimamoto habari za mlango wa pili.

Matumizi gani yanalifaa zaidi jengo la namna hii?

Yale yanayouacha ukumbi mkuu mzima. Maktaba, hoteli, mkahawa, vyote sawa, ingawa mwangwi utawasumbua. Nisichokipenda ni kupachika ghorofa katikati ya ukumbi ili kupata vyumba vya kupangisha. Hapo umenunua dari na kulificha. Mfano mzuri wa jengo lililopata kazi mpya upo Philadelphia hiyo hiyo: jengo la PSFS, benki ya akiba ya mji huo, la mwaka 1932, lenye ghorofa 36, kazi ya George Howe na William Lescaze. Benki ilianguka 1992; tangu 2000 ni hoteli, na herufi PSFS bado ziko juu ya paa.

Nguzo ziliachwa lini?

Hakuna siku moja, ila baada ya serikali ya Marekani kuanzisha bima ya amana mwaka 1933, mawe hayakuwa tena na kazi kubwa ya kutuliza mtu. Mwaka 1954, Fifth Avenue, New York, benki ya Manufacturers Trust ilifungua tawi la vioo vitupu na kuuweka mlango wa chumba cha kuhifadhia fedha, wa tani 30, nyuma ya dirisha la mtaani. Badala ya kuficha hazina, wakaionyesha! Baadaye likawa duka la nguo.

Nitajuaje kama jengo la mtaani kwetu lilikuwa benki?

Tazama kwanza kama liko kwenye kona. Kisha pita taratibu ukichunguza ukuta karibu na mlango: ukiona kifuniko cha chuma chenye tundu, kikubwa kidogo kuliko cha sanduku la barua, hapo ndipo wafanyabiashara walipotumbukiza mifuko ya mauzo usiku.