Koti ni lile lile, nguo zimo ndani

Dada zangu wa Wete, ujumbe wenu nimeupata. Picha ya Idi mmeitazama, mmeikuza, kisha mkanicheka: "Hata siku ya Idi na koti lile lile jeusi! Huko Uingereza nguo hakuna?" Na mama mdogo akaongeza kuwa najifanyia choyo mwenyewe.

Nguo zipo. Ndani ya koti nilivaa gauni la zambarau mlilonishonea nyinyi wenyewe, na nakshi zake zote kifuani. Ila picha tulipiga nje ya msikiti, mwezi wa Machi, na Machi ya Coventry si mchezo. Kipupwe chenu cha Julai, kile kinachomfanya bibi avae sweta na kulalamikia magoti, hapa watu wangekitokea na kaptula. Na Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka hii inazidi kuingia kwenye baridi. Lizoeeni koti.

Koti lenyewe nililinunua pauni 18, na ni mtumba. Ndiyo, mtumba. Watu wanavyochambua marobota Darajani, na mimi huku nachambua vivyo hivyo, ila langu halijapanda meli.

Mnadhani nina kabati la milango minne. Nina chumba cha kupanga na kabati la mlango mmoja, nao haufungi. Nguo za baridi na za joto haziwezi kukaa humo pamoja, basi nusu hulala sandukuni chini ya kitanda. Nyinyi mkitoka kaskazi mkaingia masika mnabadilisha nini? Mnatafuta mwavuli na kuogopa nguo zisifanye koga, basi. Mimi mara mbili kwa mwaka ni kama nahama nyumba.

Zamu ya kwanza ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma na magharibi ikaanza kuingia watu wangali kazini. Yanatoka masweta, soksi nene, fulana za ndani za mikono mirefu. Zamu ya pili ndiyo yenye hadaa. Mwaka wa kwanza jua la Aprili lilinichekea, nikafungasha kila kitu. Wiki iliyofuata ikaanguka theluji, nikawa navuta sanduku saa 12 asubuhi huku basi linaniacha. Siku hizi sigusi kitu mpaka Mei ikolee.

Lakini lililoniuma hasa ni sweta langu la sufu. Nililiweka bila kulifua, lina jasho na tone la mchuzi wa pweza. Oktoba kulitoa, matundu kama chekeche! Kumbe nondo mwenyewe hali nguo, wanaokula ni mabuu yake, na wanapenda sufu, zaidi iliyochafuka. Mama alikuwa amenifungia karafuu kwenye kitambaa nitie sandukuni. Nilipofungua, harufu ya majamvi ya karafuu ikanitoa machozi, ila mabuu naona waliizoea. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kipolandi, ndiye aliyenifundisha: lifue, likauke kabisa, lifunge kwenye mfuko, kisha litie kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Sasa masweta yangu hulala na vibua.

Udi nao nimeukoma. Nilifukiza nguo jioni moja, king'ora cha moshi kikalia, jengo zima likatoka nje mvuani. Nikasimama nao, chetezo mkononi, nikijifanya sijui kulikoni.

Na mabuibui mepesi msiniletee tena. Hayo nayavaa Juni mpaka Agosti tu. Baridini upepo unayapeperusha, na pindo likishalowa barabarani, maji yanapanda mpaka magotini. Unafika kazini miguu huisikii. Mkiwa na mtu anayesafiri, mpeni kanga. Kanga haina zamu ya sandukuni: kuswalia, kujitanda, kulalia, na usiku wa Januari naizungusha shingoni juu ya sweta.

Idi ijayo nitavua koti mridhike. Ila picha nitapigia jikoni, na friza mtakayoiona nyuma yangu msiniulize ina nini.