Udenda wa mdogo, meno ya mkubwa

Mwanangu wa pili alipofika miezi minne, nyumba nzima iligeuka udenda. Bibu tano kwa siku hazitoshi, shingo imeota vipele. Wifi yangu akasema hayo ni meno ya plastiki, kuna bibi mtaa wa pili anayang'oa. Nilikataa katakata, na wewe ukiambiwa kataa. Kinachong'olewa pale ni jino changa ambalo bado limo ndani ya ufizi, na mtoto anabaki na kidonda, damu na hatari ya pepopunda.

Mtoto wa umri huo anatoa mate kuliko anavyojua kuyameza, basi. Wengi huacha wakikaribia miaka miwili. Nilimfuta kwa kugusagusa bila kusugua, nikampaka mafuta ya mgando kidevuni. Kama udenda umeanza ghafla pamoja na homa, hataki kumeza au anapumua kwa shida, hapo kimbia hospitali.

Mate niliyopaswa kuyafikiria yalikuwa ya mkubwa wake, na huyo hakuwa akidondosha hata tone. Nilikuwa namlaza na chupa ya maziwa yenye sukari. Alipotimiza miaka miwili nikaona mstari mweupe kama chaki kwenye meno ya juu ya mbele, karibu na ufizi. Nikadhani ni uji umegandia. Baadaye ukawa kahawia.

Daktari wa meno hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, akilala, mate yake yanakuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba asilimia 99 ya mate ni maji, ila ile moja iliyobaki ndiyo yenye kazi: imo kalisi na fosfeti za kuziba jino linapomomonyoka, bikaboneti ya kuzima tindikali, na protini za kupambana na bakteria. Usiku tezi za mate nazo hupumzika, kinywa kinakaribia kukauka. Maziwa yangu yalikuwa yanakaa pale mpaka asubuhi bila wa kuyaosha.

Mchana nako nilikuwa nakosea. Kila mtoto akila kitamu, tindikali inapanda ndani ya dakika chache, na mate yanahitaji kama nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali. Wangu alikuwa na pipi saa nne, biskuti saa nne na nusu, juisi saa tano. Mate yatapumua saa ngapi?

Ubuyu wa rangi sikuupiga marufuku (nani ataweza, na unauzwa getini shuleni?), ila sasa unaliwa pamoja na chakula cha mchana, si kidogokidogo kutwa. Katikati ni maji, karoti au tango, maana kutafuna hukamua mate, tena yenye bikaboneti zaidi. Chupa ya usiku niliizimua kwa maji kidogo kidogo siku kumi hivi, ikabaki maji matupu, akaichoka mwenyewe. Usiku wa tatu alilia hadi jirani akagonga ukuta.

Leo ana miaka sita. Meno mawili ya juu yaling'olewa mapema, pengo lipo. Ya chini ya mbele, yaliyo jirani na matundu ya mate chini ya ulimi, yameanza kulegea yenyewe wiki hii, meupe vilevile kama yalivyoota.