Mchanga njiani, mgambo mlangoni: maswali ya wasomaji wa Dar es Salaam

Jirani anajenga. Mchanga na kifusi vimeziba kichochoro tangu kabla ya mvua, na mama anatembelea mkongojo. Mwenyekiti wa mtaa kila siku ni "nitamwambia". (Mbagala)

Mwenyekiti anachaguliwa, na huyo jirani ana kura. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Usiishie kuongea: andika barua, taja mchanga ulishushwa lini, ambatisha picha, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri inamkosesha mtu raha ofisini kuliko kelele za mtaa mzima. Ila jirani mwenyewe umeshamwomba? Wengi wanaoniandikia hawajamwomba.

Mgambo wamekuta matofali yangu nje ya geti, wanataka elfu hamsini papo hapo. Nilipe?

Kama matofali yako njiani, kosa huenda lipo. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo na kutoza faini, chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 1982. Lakini usimpe mtu fedha mkononi. Omba kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, lipa benki au kwa simu, tunza risiti. Asiye na kontroo namba hana faini, ana njaa.

Mtu amejenga ukuta katikati ya njia tuliyoipita tangu utoto. Anadai ni kiwanja chake. (Tandale)

Hili ndilo zito. Eneo likiwa limepimwa, ramani iko ofisi ya ardhi ya halmashauri na bikoni, yaani alama za mipaka, ziko ardhini. Mwiteni afisa ardhi. Pasipopimwa, tafuteni wazee, na zaidi tafuteni hati za mauziano za nyumba za jirani. Nyingi hutaja mipaka: "mashariki imepakana na njia". Mstari huo mmoja ni ushahidi mzuri, hasa ukiwa kwenye hati yake yeye mwenyewe. Anzeni baraza la kata, ingawa tangu 2021 kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halihukumu. Mkishindwana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukuta msiuvunje wenyewe, hata siku jeneza likishindwa kupita, maana mtageuka washtakiwa.

Michongoma ya jirani inachana nguo za wapita njia. Nikate?

Mwambie akate yeye. Akikuruhusu ukate wewe, kubalianeni kwanza matawi yanatupwa wapi. Miiba ukiiacha njiani, mtendaji atakuja kwako.