Kwa fundi mgeni wa njia za Kusini

Ukiripoti Lindi kwa kazi yetu hii ya kutengeneza friji za chanjo, utakabidhiwa sanduku la vifaa na orodha ya zahanati. Usichoambiwa ni kwamba siku nyingi zitaishia kwenye kusubiri: basi, pantoni, bodaboda, na mara mojamoja ndege pale Mtwara. Mwaka wangu wa kwanza niliichukia subira hiyo. Nilikaa nimeinamia simu hadi chaji ikaisha, nikapitwa na mengi. Wewe yasikupite.

Anzia Mingoyo, njia panda ya Mtwara na Masasi. Basi likisimama, kinamama wanasogeza mabeseni hadi dirishani. Achana na biskuti, ulizia ming'oko. Ni mizizi myembamba ya porini, hakuna anayeilima. Inachemshwa, unaimenya kwa meno na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Mara ya kwanza nilinunua fungu moja kwa kumwonea haya muuzaji. Kabla gari halijaondoka nilikuwa nimeongeza mawili. Mama yule alinieleza anavyoifuata kamba ya mmea iliyokauka kichakani mpaka inapozama ardhini, ndipo achimbe. Tangu hapo sipiti Mingoyo nikiwa nimelala.

Ukiwa Lindi mjini, shuka kwenye pantoni ya Kitunda hata siku usiyovuka. Jioni moja nilimwamkia mzee aliyekaa kwenye kivuli. “Marahaba, mjukuu wangu,” akaitikia, akanisogezea nafasi. Akanisimulia habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilipatikana kwenye kilima cha Tendaguru, huku Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wakati wa Wajerumani, watu wa huku waliichimba mifupa ile, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi huyo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Darasani nilikuwa nimeyasoma hayo nikayasahau. Kuyasikia huku natazama maji yaleyale yaliyoibeba mifupa hiyo kulinisisimua mwili, na pantoni ilipofika sikutaka kuinuka.

Usidhani ni starehe tupu. Mtwara, nikingoja kuvuka kwenda Msangamkuu, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniona na sanduku. Akasema zahanati ya kijijini kwao wamerudishwa bila chanjo, friji ina joto tangu Jumanne. Unajua friji ile inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye orodha yangu zahanati hiyo ilikuwa ya mwisho, nikaanza nayo.

Kwa hiyo salimia kwanza, simu itoe baadaye. Na chenji ya ming'oko iwe mfukoni, isiwe ndani ya begi, maana pale Mingoyo basi halikai.