Kabla Tom hajaanza kumkimbiza Jerry

Mpwa wangu ana miaka minane na hana huruma na waandishi. Jioni moja tulikuwa tunatazama katuni ya Tom na Jerry. Tom alikuwa amemnasa Jerry mkia, mdomo wazi, na badala ya kummeza akaanza kumchezeachezea mpaka panya akaponyoka, kama kawaida yao. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, kwani hawa walijuana tangu wadogo?"

Nikajibu ndiyo bila kufikiri. Hapo nikawa nimejitia kitanzi, maana akataka hadithi.

Ile ya kwanza niliyomwandikia ilikuwa mbovu. Kurasa nne nzima: paka mdogo anazama kwenye ndoo ya maji, panya mdogo anamtupia uzi, wanaapa kuwa marafiki hadi kufa, kisha siku moja wanakosana kwa ajili ya kipande cha jibini. Nilijiona fundi. Mpwa wangu alisikiliza hadi kwenye kiapo, akavuta shuka, akasema, "Huyo siyo Tom." Akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo nimeandika visa vingi vya namna hii, vingine vya katuni za kwenye televisheni, vingine vya vikaragosi ninavyochora mwenyewe pembeni mwa daftari. Vingi viliishia kwenye pipa la taka. Kama nawe umeshikwa na ugonjwa huu wa kutaka kujua wahusika unaowapenda walikutanaje utotoni, nakupa niliyoyapata kwa kukosea.

Kwanza, ndoo ya maji. Methali ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki imetuponza wengi. Tunadhani urafiki lazima uzaliwe siku mmoja alipomwokoa mwenzake na kifo. Mkumbuke rafiki yako wa kwanza. Je, alikuokoa na nini? Huenda mlikaa dawati moja kwa sababu mwalimu aliwapanga kwa kimo. Yeye alikuwa na kifutio, wewe hukuwa nacho, na kila ulipokiomba alikuwa anakikata kidogo pembeni kwa kucha kabla ya kukupa, sijui kwa nini. Hayo ndiyo mambo ya watoto. Ukimfanya mmoja mwokozi, mwenzake anabaki mdaiwa maisha yake yote, na mdaiwa hawezi kumfunga mwenzake kamba ya viatu kwa utani. Kisa kinakuwa kizito kabla hakijaanza.

Dawa yangu ni kuanza na leo nikirudi nyuma. Ninatazama katuni huku nimezima sauti, kalamu mkononi. Tom na Jerry ni rahisi kwa hili kwa kuwa karibu hawasemi. Niliandika mambo matatu tu. Tom anamkamata Jerry mara nyingi lakini hamli. Jerry angeweza kuhama nyumba ile wakati wowote, na hahami. Na mmoja akitoweka, anayebaki hatulii, anazungukazunguka kama aliyesahau ufunguo. Kila jambo kati ya hayo unaliuliza: limeanza lini? Hapo kisa kinaanza kujiandika.

Kisha nenda kwenye chimbuko la wahusika wenyewe kama lipo. Tom na Jerry walionekana mara ya kwanza mwaka 1940, katika filamu fupi ya William Hanna na Joseph Barbera. Paka hakuitwa Tom bado, aliitwa Jasper. Mama wa nyumba anamwonya kwamba akivunja kitu kimoja tu zaidi, atatupwa nje. Panya akilielewa hilo, anabeba glasi hadi ukingoni na kutishia kuiangusha. Paka anaganda palepale, makucha hewani. Nilipoitazama sehemu hiyo nilisimamisha picha nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimehangaika na ndoo na jibini, kumbe ugomvi wao tangu siku ya kwanza ulikuwa juu ya kitu kinachovunjika na nani atabeba lawama.

Kuna mtego mwingine hapa, wa kuwapunguza wahusika urefu na kudhani umewapa utoto. Mwaka 1990 kulikuwa na mfululizo uliowaonyesha Tom na Jerry wakiwa wadogo. Unachekesha, lakini ni mbio zilezile katika miili mifupi. Swali la mpwa wangu lingebaki bila jibu.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya yote: sentensi moja iliyokwisha kusemwa. Katika filamu ya Monsters, Inc. ya mwaka 2001, Mike, yule wa kijani mwenye jicho moja, anamtania rafiki yake Sulley kwamba Sulley amekuwa akimwonea wivu yeye Mike kwa uzuri wake tangu darasa la nne. Utani wa kupita tu. Miaka 12 baadaye ikaja Monsters University, na humo wawili hao wanakutana kwa mara ya kwanza wakiwa chuo kikuu, tena hawapatani kabisa. Mashabiki wenye kumbukumbu kali wakahoji: darasa la nne limekwenda wapi?

Mimi nasimama upande wa waliolivunja darasa la nne, kwa sababu uhasama wa chuoni unaleta kisa kitamu kuliko madawati. Ila kuna tofauti kati ya kuvunja sentensi ukijua na kuivunja kwa kutotazama vizuri. Kabla sijaandika, ninaorodhesha kila neno ambalo wahusika wamewahi kutamka kuhusu zamani zao, hata la mzaha. Nikiamua kulikiuka, najiuliza kwanza kama linaweza kubaki kwa maana nyingine. La Mike, kwa mfano, ningeliacha kama lilivyo. Marafiki waliozoeana sana huwa wanaongeza miaka. Mimi na rafiki yangu mmoja tumebishana mpaka leo: naapa tulikutana darasa la pili, yeye anaapa ni la tatu, na kwamba la pili nilikuwa nakaa na mtu mwingine kabisa. Inawezekana ana haki. Sitamwambia.

Na hilo limekuwa chombo changu ninachokipenda. Usiandike siku waliyokutana mara moja; iandike mara mbili, kila mmoja kwa kumbukumbu yake. Mmoja anakumbuka alivyogawiwa kitu, mwenzake anakumbuka alivyonyang'anywa, na kitu ni kilekile. Si lazima uonyeshe nani mkweli. Mara nyingi mimi ninaitumia kumbukumbu moja tu kwenye kisa na ya pili ninaificha, lakini bila kuijua ya pili, ya kwanza hutoka imelala.

Mazungumzo sina mengi ya kusema. Watoto hawasemi "nathamini urafiki wako." Wanasema "sogea huko," halafu wanabaki palepale. Ukiona mhusika wako wa miaka sita anaeleza hisia zake vizuri, futa.

Kisa cha pili cha Tom na Jerry kilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Paka mdogo anaruka mezani, glasi inaanguka. Panya mdogo anatoka shimoni kutazama kishindo kimetoka wapi, na ndiye anayeonekana. Ufagio unamwandama chumba kizima. Paka amekaa kando analamba mguu wake kama mgeni aliyefika sasa hivi. Usiku, kwenye mlango wa shimo, unyayo unasukuma kipande cha mkate ndani, taratibu, kisha unarudi nyuma. Hakuna anayesema samahani. Panya anaula mkate wote. Asubuhi paka anaamka na kukuta mkia wake umefungwa kwenye mguu wa kiti.

Nilimsomea mpwa wangu hadi hapo. Safari hii hakuvuta shuka.

"Kwa hiyo Jerry anajua ni Tom aliyevunja?"

"Anajua."

"Na Tom anajua kwamba Jerry anajua?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikamwambia sijui, labda. Aliniangalia kama fundi anavyoangalia ukuta uliopinda, akachukua penseli yangu, akavuta karatasi. Chini kabisa, ndani ya shimo la panya, nyuma ya kitanda cha Jerry, alichora kitu chenye pembe tatu na kukizungushia mistari midogo ili kionekane kinang'aa.

"Ni kipande cha ile glasi," akasema. "Amekiweka."

"Cha nini?"

"Siku Tom akimkamata kweli, atamwonyesha."