Muulize mgonjwa kwanza, simu baadaye

Wadogo zangu mlioanza wodi ya akili mwezi huu,

Jumanne kwenye raundi mmoja wenu alisoma muhtasari safi kabisa: "Mgonjwa analalamika uchovu, anahitaji kupumzika." Nikauliza binti mwenyewe alisemaje. Interni akafunua daftari: "Alisema, 'Nimechoka, dokta, nataka tu nipumzike.'" Maneno hayo aliyaingiza kwenye simu, akili mnemba ikayapeleka kwenye Kiingereza, ikayapanga vizuri, naye akayabandika kwenye faili. Nikavuta kiti. "Kupumzika vipi, mwanangu?" Binti akatazama dirishani kwa muda, halafu akasema barua ya kuwaaga wadogo zake ameshaiandika, iko chini ya godoro. Tangu saa ile hakuachwa peke yake hata dakika moja.

Nilikasirika, mliniona. Ila sikuikasirikia simu. Kosa hilo nalijua tangu kabla simu hizi hazijaja, kwa sababu nimelifanya kwa mikono yangu.

1. Faili halitetemeki. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa. Saa nane usiku analetwa mama wa miaka 40 na ushee, anaropoka, anavutavuta shuka, hatulii. Juu ya faili lake kuna wino mwekundu: baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, anatumia lithiamu kuzituliza. Nikasoma, nikaridhika. Nikaandika amerudiwa, nikaagiza sindano ya kutuliza, haloperidoli. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, kandambili za mkewe mkononi. Akaniambia, "Mwanangu dokta, huyu akirudiwa huwa anaimba. Hivi haongeagi. Na leo siku ya tatu anaharisha." Nikamjibu, "Mzee, tutamwona asubuhi."

Jibu hilo bado nalisikia.

Asubuhi mikono ya yule mama ilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikawa kinagonga meno. Kusimama hawezi. Muuguzi aliyepokea zamu, mama mtu mzima, ndiye aliyemuuliza mume kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia. Mzee akatoa mfukoni karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu, alimnunulia duka la dawa kwa ajili ya goti. Nyinyi mmeshaelewa: maji yameisha mwilini, diklofenaki inabana figo zisitoe lithiamu, na mimi nimeongeza haloperidoli juu yake. Ilikuwa sumu ya lithiamu. Kreatinini, kipimo cha figo, ilipotoka tukamkimbiza penye mashine ya kusafisha damu. Uhai tuliuokoa. Lakini mpaka leo anatembea kwa kupepesuka na ulimi wake mzito, na huyu alikuwa anaongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mumewe hajanilaumu hata siku moja. Kila wakija kliniki ananisalimia kwa upole uleule, ameshika mkono wa mkewe, na kila mara nashindwa pa kuweka macho.

Lile faili halikudanganya. Baipola ni kweli, lithiamu ni kweli. Kisichokuwemo ni mambo ya wiki ile, nayo yalikuwa kinywani mwa mtu aliyesimama mlangoni. Usiku ule ningekuwa na simu zenu ningeiandikia "mgonjwa wa baipola, hatulii", nayo ingenijibu kuhusu mania, zile hisia zilizopanda mno. Ningeiandikia kuharisha, diklofenaki na kutetemeka, ingeitaja sumu ya lithiamu papo hapo. Mashine ilikuwa na jibu. Mimi sikuwa na swali, kwa sababu nilishamnyamazisha aliyekuwa nalo.

2. Msiwacheke wagonjwa wanaomwagia simu siri zao usiku. Mwaka 1966 pale MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa ELIZA, programu ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza maneno yako kuwa swali. Katibu wake alijua fika kwamba ni programu tu, alimwona bosi akiitengeneza. Bado, baada ya kuandikiana nayo kidogo, akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Mtu akipata pa kusema, atasema. Kwa hiyo mnapochukua historia, mkimaliza pombe, bangi na mganga, ulizeni na hili: "Wewe na simu mnaongea nini?" Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinisomea mazungumzo ya miezi mitatu. Mama yake, aliyelala chumba cha pili, hakujua hata mstari mmoja.

3. Swali la tisa la PHQ-9, dodoso letu la sonona, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, linaulizwa kwa mdomo, umekaa, kwa Kiswahili anachoongea mgonjwa nyumbani kwake.

4. Jina la mgonjwa haliingii kwenye programu ya simu yako; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria tulikuwa na aibu.

5. Kuitumia, itumieni. Mimi nakagulia dawa zinazogombana, tena kila siku. Wala msihofu kwamba mmechelewa kuingia kazini: mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, alisema tuache kufundisha wataalamu wa radiolojia, wasomaji wa picha za mwili, kwa kuwa mashine zitawapita, na jana nimesubiri majibu ya picha ya CT siku nzima kwa kukosa mtu wa kuisoma.

Kesho raundi ni saa mbili kamili. Tutaanza na kitanda cha sita. Nataka nisomewe maneno ya binti mwenyewe, kama alivyoyatamka, na aliyelala zamu aniambie amekula nini.