Je, mdudu huwashwa na pilipili?

Swali: Mimi ni mkulima wa kabichi Lushoto. Nilisaga pilipili, nikachanganya na maji na sabuni ya kipande, nikapulizia shambani. Viwavi wa kijani walijinyonganyonga na kuning'inia kwa nyuzi, lakini kesho yake walikuwa wakila kama kawaida. Waliokufa ni wadudu mafuta. Je, mdudu huwashwa kama sisi?

Jibu: Hawashwi kama sisi. Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, hutuunguza kwa sababu hufungua kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuhisi joto la kuanzia takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, Marekani. Ndege wanacho, ila chao hakiitikii kapsaisini, ndiyo maana kuku hudonoa pilipili bila wasiwasi. Wadudu hawana TRPV1. Sisemi kwamba kapsaisini haiwafanyi lolote, kwani wapo wanaoikwepa, lakini si kwa mwasho tuujuao.

Ukali wa haradali, ambao ndio wa kabichi pia, ni habari nyingine. Jani likitafunwa, kemikali zake ziitwazo glukosinolati hukutana na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, kilichokuwa kimetengwa nazo, na hapo hutoka isothiosianati, ile harufu inayopanda puani. Hiyo huamsha kipokezi kingine, TRPA1, tunachoshirikiana na wadudu. Tena wadudu wana njia zao za kuonja. Nzi, kwa mfano, huonja hata kwa miguu: vinyweleo vyake vina tundu dogo kwenye ncha na seli za neva ndani, nazo hutofautisha kitamu na kichungu kabla mrija wa mdomo haujanyooshwa.

Kiwavi wako, kwa maelezo uliyotoa, ni wa nondo mgongo wa almasi, naye ni mjanja zaidi. Mama yake hufuata harufu hiyohiyo ya kabichi ili atage, na tumboni mwa kiwavi mna kimeng'enya kinachozibadili glukosinolati kabla hazijageuka kuwa sumu. Kule kujinyonganyonga na kuning'inia ni desturi yake akibughudhiwa, hata kwa maji matupu. Wadudu mafuta, wenye miili laini, nadhani waliuawa na sabuni. Safari ijayo pulizia mstari mmoja kwa maji ya sabuni bila pilipili na mwingine kwa mchanganyiko wako wa pilipili, kisha hesabu walio hai katika mistari yote miwili.